Mchi, Ufagio na Sauti ya Bi Siwema

Sogeeni karibu. Mwenye kiti akae, asiye na kiti akalie ndoo, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Nina fumbo. Nimewapelekea wasomi wawili wa mtaa huu, mmoja wao picha yake ya joho imejaa ukuta mzima, wote wamebaki kukuna vichwa. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, shule ikabaki inalia, na fumbo ninalo mimi. Basi tulieni.

Jengo letu liko Chumbageni, Tanga. Lina ghorofa nne, na kuta zake nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako. Mimi na mke wangu Fatna tunakaa ghorofa ya pili. Mimi ni fundi wa vigae, na ukikanyaga sakafu iliyonyooka Tanga hii, usiulize kazi ya nani. Lakini leo sijisifu. Leo nawasifu majirani zangu, wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Bi Mwantumu anakaa juu yetu. Kipaji chake kiko mikononi. Anapika vitumbua vya kuuza, na mchele wake haupeleki mashineni, anasema mashine inauchoma unga. Anatwanga mwenyewe, kwa kinu cha mninga na mchi mrefu kama mimi, na mimi si mfupi, acheni kucheka. Akianza kazi, taa ya dari letu inacheza na vikombe kabatini vinasalimiana.

Bi Siwema mlango wake unatazamana na wetu. Kipaji chake kiko kooni. Huyu hashuki ngazi kununua kitu. Anasimama kwenye roshani, anamwita muuza samaki aliye mtaa wa pili, jamaa anageuza baiskeli mbio. Halafu anateremsha kikapu kwa kamba, na mabishano yanaanza, huyu juu, yule chini, sisi wote katikati. "Huyu ni changu au marehemu changu? Mbona macho mekundu, katoka matangani?"

Bi Hadia yuko chini yetu. Kipaji chake ni masikio. Ukiangusha kijiko, anajua kama ni cha chai au cha mchuzi. Na hapendi kelele kabisa. Akisikia kishindo anachukua mpini wa ufagio, anagonga dari lake: ngo, ngo, ngo! Maana yake, nyamazeni, watoto msio na adabu. Kwake hata mimi ni mtoto. Mimi!

Sasa mweke mjamzito katikati ya hao. Juu mchi, mbele koo, chini ufagio. Fatna hapati hata lepe la usingizi mchana. Nikamwambia, "Mke wangu, umeolewa na mwanamume. Nakuhamisha." Nikapata nyumba Pongwe, nje ya mji, imejitenga kwenye minazi, kimya mpaka unasikia ndevu zikiota. Tukaanza kufunga masanduku. Nikapita kuaga, nikimchokoza kila mtu. "Bi Mwantumu, tafuta mpangaji mwingine wa kumtwanga kichwa."

"Nenda salama, baba maneno," akanijibu. "Huko utajisifu kwa nani, kwa minazi?"

Ngazi nzima ikacheka. Nikarudi kufunga masanduku.

Basi Alhamisi ya wiki ileile, jua limeshapanda, mimi niko kazini Raskazone, simu iko ndani ya mfuko wa zana. Fatna yuko jikoni peke yake, mlango kaufunga kwa komeo. Komeo hilo nimeliweka mimi, chuma kinene, mwizi akiliona anaomba radhi anaondoka. Mara uchungu ukamshika, kabla ya siku zake, ukamkalisha sakafuni. Kusimama hawezi. Simu yake iko chumbani. Akaita, akaita tena. Nani amsikie? Juu mchi unatwanga, mbele Bi Siwema yuko na samaki wake. Akashika upawa, akaanza kugonga sakafu.

Tazameni alichofanya Bi Hadia. Kwanza kabisa alichukua ufagio akagonga dari kwa hasira. Upawa ukagonga tena. Naye akagonga, safari hii kwa nguvu zaidi. Kisha akasita, ufagio uko hewani. Masikio yale yakasikia kitu ambacho mimi na wewe tusingesikia: upawa unagonga, unanyamaza, unagonga tena, na kila ukigonga kuna mguno nyuma yake. "Hii si kelele," akasema peke yake. "Huu ni uchungu, unakuja na kuondoka." Akapanda ngazi na magoti yake mabovu, akaweka sikio mlangoni.

"Fatna, mwanangu?"

"Bi Hadia... mtoto anakuja."

Kama si masikio yale, Fatna angegonga mpaka mkono umchoke, na mimi leo nisingekuwa na hadithi. Ningekuwa na msiba.

Tazameni alichofanya Bi Mwantumu. Bi Hadia alimfuata huko juu akihema, akaudaka mchi kabla haujatua. Mwenzake akadhani ni ugomvi ule wa kila siku.

"Leo umepanda mwenyewe? Ufagio umevunjika?"

"Shuka na mchi wako!"

"Kwangu unanifukuza, na mchi wangu unautaka?"

"Nakuomba, Mwantumu. Fatna kashikwa na uchungu, na mlango una komeo la yule mumewe mjivuni."

Bi Mwantumu alishuka na mchi begani, unga wa mchele mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya mlango wangu akautwanga ubavuni. Pigo la kwanza, komeo likacheka. La pili, likanuna. La tatu likaruka na kipande cha fremu. Na lile, nawaapieni, lilikuwa komeo! Wanaume wote wa jengo walikuwa makazini. Kama si mikono ile, watu wangebaki hapo nje wakimpa Fatna pole kupitia tundu la ufunguo.

Tazameni alichofanya Bi Siwema. Kishindo cha mlango kilimtoa ndani kwake, akamkuta Bi Hadia kapiga magoti jikoni. "Mtoto anatoka," Bi Hadia akasema. "Mkunga, Siwema, mkunga!" Mkunga wetu ni Nesi Zaituni, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Bi Siwema akarudi mbio kwenye roshani, akamwona Nesi kapanda bajaji, na bajaji ndiyo hiyo inakata kona ya barabara kuu. Kikapu alichokiacha ukingoni akakipiga kikumbo, samaki na kamba vyote chini. Akavuta pumzi.

"ZAITUNIII! Nesi weee! Rudi, Fatna anajifungua!"

Wanasema kunguru wote waliruka kwenye nyaya. Bajaji ikageuka. Nesi aliingia mtoto anatoka, kitovu kimemzunguka shingoni, rangi imeshambadilika. Akakipitisha juu ya kichwa kwa vidole viwili. Mtoto kimya. Jengo zima likawa kimya. Jengo letu sisi! Halafu binti akalia.

"Ningefika kona ya pili," Nesi alisema akinawa mikono, "mngekuwa mnalia nyie."

Mimi nilifika na saruji magotini. Nikamchukua binti yangu, kisha nikapita nikibusu mikono: wenye unga, wenye harufu ya samaki, wenye alama za mpini wa ufagio. Masanduku nikayafungua jioni ileile. Pongwe upawa angeusikia nani, minazi?

Sasa fumbo lenyewe. Kesho ni akika, mtoto apewe jina. Kwetu, ukimpa mtoto jina la mtu, umempa huyo mtu zawadi kuliko zote: yeye na mtoto wataitana somo maisha yao yote. Nami nimeapa mbele ya watu kwamba binti yangu ataitwa jina la aliyemwokoa. Jana nimewaita wote watatu sebuleni.

"Mlango usingefunguka, nesi angeingilia wapi, dirishani?" akauliza Bi Mwantumu. "Na mimi sijawahi kuwa na somo."

Bi Siwema tangu siku ile sauti imemkauka, anaongea kwa kunong'ona, na muuza samaki anapita kila asubuhi akitazama juu kwa huzuni. Akanong'ona, "Mlango mmefungua, sawa. Mngefanya nini na kile kitovu? Sauti yangu nimeitoa yote kwa ajili yake."

"Nyie wawili mngeendelea kutwanga na kununua samaki," akasema Bi Hadia. "Kelele zenu ndizo zilizomfunika mtoto wa watu!"

"Na wewe si uligonga ufagio kumnyamazisha?" akadakia Bi Mwantumu.

"Niligonga. Halafu nikasikiliza."

Msiniambie nimpe Nesi. Amekataa mwenyewe, anasema akikubali kila mtoto aliyempokea, mtaa mzima utaitwa Zaituni. Na msiniambie nimpe majina yote matatu. Fatna kasema, "Huyu ni mtoto mmoja. Nikimwita aje ale, niite mkutano?"

Huyo anaanza kulia, mnamsikia? Kachukua koo la mmoja na nguvu za mwingine. Na huko chini, sikilizeni, ufagio unagonga: ngo... ngo... ngo... taratibu, kama mtu anayebembeleza. Mtoto akisikia hivyo hunyamaza.

Aliyesikia, aliyevunja, aliyeita. Wote nawashukuru sawasawa, na jina ni moja. Je, wewe ungempa nani? Jibu, lakini kwa sauti ya chini. Mtoto kalala, na chini ya miguu yetu kuna masikio.