Bi Kindi Amsuka Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla kichana hakijaota meno, moto wa porini uliunguza nywele za Simba. Zikabaki vishina tu! Kila akipita, nyani wanaangua vicheko, kwakwakwa!

Simba akaenda kwa Bi Kindi, msusi. Alimkuta na wanawe watatu ndani ya tundu la mti, chini kabisa, hata macho hawajafumbua. Akaweka kucha mlangoni, kwaru!

"Bi Kindi! Nataka nywele zangu kesho. La sivyo, hawa nawatafuna."

Moyo wa Bi Kindi ukadunda, du! du! du! Mdomo wake haukutetemeka.

"Kesho? Za kesho ni za fisi, mzee wangu. Za kifalme zinataka misimu miwili ya mvua. Dawa ninayo, ila ina mwiko. Ukinguruma, zinarudi ndani. Ukimla mtoto wa mwenzio, kipara!"

"Kipara? Toba!" Simba akaketi. "Haya, nisuke, mama."

Bi Kindi akachovya vidole kibuyuni, akampaka. Zilipokuwa fupi, alizichana tu, zikatulia. Ziliposhikika, akazifunga mabutu kwa uzi mweusi. Ziliporefuka, akamsuka twende kilioni, zikasimama wima utosini. Nyani waliokuja kucheka wakapanga foleni wasukwe nao!

Na kila Simba akija, wale watoto nao: mara wamefumbua macho, mara wanatambaa, mara hawakamatiki.

Mvua ya pili ilipokatika, Bi Kindi akafumua. Uzi wa kwanza. Wa pili. Wa mwisho... Lahaula! Nywele zikamwagika mabegani, nyeusi kwa dhahabu, upepo ukaziinua. Bi Kindi akasahau kabisa kuogopa.

"Jamani," alinong'ona, "nimezishika siku zote hizi, wala sikujua."

Simba alijitazama kisimani, machozi yakamlenga. "Dawa gani hii?" Akanyakua kibuyu, akaonja. "Maji! Maji matupu! Umenichezea!"

NGRRRR! Akalirukia tundu. Tupu!

Bi Kindi alikuwa ameshapanda, pururu, mpaka kileleni walikokaa wanawe.

"Shikamoo, babu!" wakaita wale watatu. "Umependeza!"

"Na umenguruma, mzee," akasema Bi Kindi. "Hebu shika kichwa."

Simba akashika kichwa mbio. Zilikuwepo zote. Akabaki amekaa pale chini, mzuri ajabu, akiwakodolea macho watoto asioweza tena kuwafikia.

Kinachokua, wanangu, dawa yake ni siku.