Sakafu Yangu, Dari ya Bi. Mwasiti

"Sakafu yako ni dari ya mwenzio." Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye ngazi, mama mmoja akimwambia jirani yake wa juu anayetwanga kisamvu alfajiri, mkaja kuniuliza yametoka wapi. Chimbuko lake ni humu humu jengoni, wajukuu zangu. Ningependa awasimulie mtu mwingine, lakini mhusika ni mimi, basi nisikilizeni.

Jengo hili lina nyumba kumi na mbili na wenyewe kumi na wawili. Kila mmoja ana hati ya nyumba yake, ila paa, ngazi, tangi la maji na mabomba ya ukutani ni mali ya wote. Ndiyo maana tuna kamati, na mwaka ule mwenyekiti nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimetoka kuweka marumaru mpya bafuni, nyeupe, nikiwaonyesha kila mgeni. Wiki tatu hazijapita, Bi. Mwasiti wa chini yangu akapanda kubisha hodi. Alikuwa mwalimu mstaafu, akimuuguza mumewe, Mzee Hoza, aliyepooza.

"Mwenyekiti, maji yanadondoka chumbani kwetu. Naomba fundi aangalie bafu lako."

"Bafu langu jipya, Bi. Mwasiti, na kwangu kukavu kabisa. Hilo litakuwa bomba la ukutani. Iandikie kamati barua."

Akaandika. Barua niliipokea mimi mwenyewe, nikaitia kwenye faili. Akaandika ya pili, nayo nikaifungia. Nilijua fundi akija atataka kuvunja marumaru zangu. Kwenye mkutano wa wenye nyumba aliponyoosha mkono, nikamkata kauli mbele ya watu: "Mama huyu anafua nguo za mgonjwa ndani, halafu unyevu anatusingizia sisi."

Baadhi wakacheka. Yeye akaketi, akaukunja mtandio wake mapajani.

Ikapita miezi minne. Plasta ya ukuta wa nje ilipoanza kumeguka, wajumbe wenzangu wakaita fundi bomba bila kunisubiri. Fundi hakubishana na mtu. Alikoroga bluu ya kufulia kwenye ndoo ya maji, akayamwaga bafuni kwangu, akasema, "Sasa twendeni chini."

Tulishuka watu saba. Sikuwahi kuingia chumba kile. Dari ilikuwa imeota ukungu mweusi, na mabeseni matatu yamepangwa sakafuni. Mzee Hoza alilala chini ya nailoni iliyofungwa kwa kamba juu ya kitanda, maji yasimmwagikie. Alinitambua. Akasema kwa taabu, "Karibu, Mwenyekiti."

Tukainua macho darini. Kisha tone likaangukia nailoni. La bluu. Likafuata la pili, na la tatu.

Hakuna aliyenitazama. Wote waliinamisha macho, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikajikakamua, "Bi. Mwasiti, mimi sikujua. Sakafuni kwangu kukavu."

"Najua ni kukavu," akanijibu bila kupaza sauti. "Sakafu yako ni dari yangu, Mwenyekiti. Maji hayakai kwako, yanashukia kwetu."

Marumaru nilizivunja siku ile ile, bomba likazibwa. Uenyekiti nikauacha. Kwenye mkutano uliofuata nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, akasema amenisamehe. Lakini Mzee Hoza alikuwa ameshatutoka. Waliomtibu walisema ni kifua. Kama ni ule ukungu, sijui; mpaka leo sijapata uso wa kumuuliza mjane wake.

Watu waliyachukua maneno ya Bi. Mwasiti, wakageuza "dari yangu" kuwa "dari ya mwenzio", yakaenea hadi majengo ya jirani. Wengi huyasema kwa utani, na siwalaumu. Mimi nikiyasikia, macho yangu huenda chini yenyewe.

Sakafu yako, wanangu, ni dari ya mwenzio.