Siku Ishirini na Moja za Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kuku alikuwa na nyumba yake, jiko lake na mlango wake wa kufunga, aliishi kuku mmoja jina lake Bi Kishingo. Shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja, na waliomcheka kwa hilo walimcheka mara moja tu, kwa sababu ulimi wake ulikuwa mkali. Sogeeni basi, na wewe unayesinzia hapo amka, maana kisa hiki sikirudii.

Bi Kishingo alikuwa na shida moja, na shida yenyewe ilikuwa jirani. Nyuma ya ua wa minyaa alikaa Bwana Fisi na mkewe. Mara ya kwanza Bi Kishingo alipoatamia, Fisi alikuja, akamsukuma pembeni kwa pua, akala mayai yote tisa huku mwenyewe anatazama. Mara ya pili Bi Kishingo alipigana. Akang'olewa manyoya ya mkia, na mayai yakaliwa vilevile. Alilia siku saba. Kuku wenzake walipita na vifaranga nyuma yao, chwi chwi chwi, naye akipita peke yake, na hakuna kitu kilichomuuma kama hicho.

Mara ya tatu alitaga mayai kumi na mawili. Akayatia alama ya mkaa, kila yai mstari mmoja, ili kuku mwingine akija kutaga humo alijue lisilo lake. Akatandaza majivu kiotani kufukuza utitiri, kisha akakalia. Umri ulikuwa umeanza kwenda, na alijua huenda asitage tena baada ya haya. Alijua pia kwamba Fisi atakuja.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, akasikia hatua nje, tipu tapu, tipu tapu.

"Hodi humu ndani."

"Karibu," akajibu Bi Kishingo. Angeweza kukimbia, lakini mayai yangebaki.

Fisi akaingia, akachungulia chini ya bawa, akahesabu mpaka kumi na mawili, akalamba midomo. Bi Kishingo hakupiga kelele. Alimuuliza taratibu, kwa sauti ile ya kumjulia hali mgonjwa, kama yale mayai tisa ya mara ya kwanza yalimshibisha. Fisi akafikiri, akakiri kwamba hayakumshibisha. Yaliteleza kooni tu, akafika kwake na njaa yake ileile. Na ya mara ya pili? Vilevile.

"Na leo hutashiba," akasema Bi Kishingo. "Mimi nakuonea huruma, Bwana Fisi. Mtu mzima na heshima zako unakunywa maji ya yai. Kwa nini usingoje yawe nyama?"

Fisi akacheka, hi hi hiii, akasema yeye si mjinga. Akingoja, vifaranga watatoka, na mama yao atawaficha.

"Basi atamia mwenyewe. Nitawaficha wapi, na wewe umewakalia?"

Hapo Fisi akaacha kucheka. Bi Kishingo akaona mlango wa ujanja umefunguka kidogo, akajipenyeza.

"Hebu nikuulize. Kifaranga wa kuku ni mdogo kwa nini? Kwa sababu joto langu ni dogo. Tumbo langu hili litatoa nini zaidi ya kitu cha ukubwa wa ngumi? Sasa chukua yai hilohilo, liweke chini ya tumbo kama lako. Atakayetoka hapo atakuwa na ukubwa gani?"

Fisi akafikiri sana. Mate yakaanza kumdondoka, to, to, to. "Kama mbuzi?" akauliza.

"Sijui," akasema Bi Kishingo. "Sijawahi kuwa fisi."

Mbuzi kumi na wawili! Fisi alitaka kukalia papo hapo, lakini Bi Kishingo akamwambia kiota kile ni cha kuku, akikikalia kitapasuka. Ampe mpaka kesho akipanue. Fisi akakubali, akamwonya kwamba akija akute yai moja limepungua, atamla yeye na shingo yake. Akaondoka akiwa anarukaruka njiani.

Alipotoweka tu, Bi Kishingo akapeleka habari kwa shoga yake Bi Bata, aliyekaa kando ya kijito. Bi Bata alikuja na kapu lililojaa sufi. Wakayapanga mayai humo yakiwa bado na joto, wakayabeba polepole kama watu waliobeba chungu cha maji kichwani, wakayalaza kwenye chumba cha ndani cha Bi Bata. Kiota cha Bi Kishingo kikabaki kitupu, na Fisi alitaka mayai kumi na mawili.

Bi Bata alikuwa na mayai matano yaliyokataa kuanguliwa tangu masika. Yalikuwa viza matupu, ukiyatikisa unasikia maji, chubwi chubwi. Saba mengine wakayaokota kichakani, ambako kanga aliyatelekeza siku nyingi. Bi Kishingo akachukua kipande cha mkaa, akachora mstari mmoja kwa kila yai.

Kesho yake Fisi akaja, akahesabu, akaona alama, akaridhika. Akajikunja juu ya kiota. Bi Kishingo akamzunguka akimrekebisha: mkia uingie ndani, kiwiko kisikandamize, kichwa chini. Akamwambia asiinuke isipokuwa mara moja kwa siku, jua la utosini, na arudi haraka. Chakula chake kiwe kiganja cha mtama na maji, basi, kwa sababu mtoto aliye ndani ya yai akisikia harufu ya nyama kinywani mwa mlezi huogopa kutoka. Na asicheke hata kidogo, kwani kicheko cha fisi kinatikisa yai.

"Kwa siku ngapi?" Fisi akauliza, na uso umeanza kukunjamana.

"Ishirini na moja. Mimi nimezianza mara mbili, nikaishia kukulisha wewe. Matunda ya zako utayala mwenyewe."

Neno hilo likamwingia vizuri sana.

Basi siku zikaenda. Bi Kishingo akiatamia kwa Bi Bata, na kila siku mchana, muda ule ambao kuku hutoka kunyoosha miguu na kudonoa, alikwenda kumkagua mwanafunzi wake. Alimletea kiganja cha mtama, nusu akala yeye mwenyewe njiani. Siku ya tano alimkuta mke wa Fisi mlangoni, mikono kiunoni, akitaka kujua nani ataleta nyama nyumbani ikiwa bwana mzima amelala juu ya majani. Fisi akamnong'oneza habari ya mbuzi kumi na wawili. Bi Fisi akakataa kuamini, kisha akaamini, kisha akaenda kuwaalika ndugu zake na kuazima vyungu.

Wiki ya pili mayai yakaanza kutoa harufu. Bi Kishingo aliisikia kutoka njiani. Akaingia akijiandaa kwa uongo mwingine, akamkuta Fisi amefumba macho, pua juu.

"Dada, wananukia vizuri hawa," akasema Fisi.

Bi Kishingo alikuwa amesahau anazungumza na nani.

Lakini kuna jambo lingine aliloliona, nalo hakulitegemea. Fisi alianza kubadilika. Sisimizi mmoja akikaribia kiota, manyoya yalimsimama na akanguruma. Mchana alipokwenda kunywa maji alirudi mbio. Siku moja Bi Kishingo alimsikia akiwaambia wale viza watulie, baba yupo. Akamhurumia. Kweli, alisimama pale mlangoni akamhurumia. Halafu akakumbuka siku saba alizolia, na huruma ikamtoka.

Siku ya kumi na nane ya Fisi, ambayo kwa Bi Kishingo ilikuwa ya ishirini na moja, kule kwa Bi Bata kulisikika ko, ko, ko ndani ya maganda. Kufika asubuhi vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamesimama, bado wanayumba. Yai moja tu halikutoa kitu. Bi Kishingo alilia tena, ila kilio hiki kilikuwa kingine kabisa.

Raha haikudumu. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, kijito kikafura, na maji yakagonga kizingiti cha Bi Bata. "Shoga, wangu wangeogelea," akasema Bi Bata. "Hawa wako watazama." Mahali pakavu palikuwa kwa kanga, juu ya majabali. Kupita majanini hakukuwezekana, kwani majani yalilowa umande, na kifaranga wa siku moja akilowa hafiki jioni. Ilibaki njia moja tu, na njia hiyo ilipita mbele ya mlango wa nyumba ya Bi Kishingo mwenyewe, na mlango ulikuwa wazi, na ndani yake alikaa Fisi ambaye hakuonja nyama siku kumi na nane.

Akawapanga nyuma yake, akaenda. Aliwaomba wanyamaze. Lakini nani aliwahi kumnyamazisha kifaranga? Chwi chwi chwi, chwi chwi chwi.

Fisi akainua kichwa. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu.

"Wa nani hao?"

"Wangu," akasema Bi Kishingo. Sauti ilitoka, hakujua ilitoka wapi.

"Wako kutoka wapi? Si mayai yako haya hapa?"

"Hayo ni yako, unayaatamia wewe. Hawa nimewaatamia mwenyewe. Watazame walivyo."

Fisi akawatazama. Vitu vya ngumi, vyenye miguu kama njiti. Tumbo lake likanguruma, nguruu, na kiuno kikaanza kuinuka. Bi Kishingo akatandaza mabawa. Alijua hayatoshi kufunika hata nusu yao.

"Inuka ukitaka," akamwambia polepole. "Hawa wote ni matonge mawili. Wako wamebakiza siku tatu, na hapo ulipo umeshawaingizia baridi."

Fisi akabaki katikati, hajasimama wala hajakaa. Akawaangalia wale wanaotembea, akaangalia chini ya tumbo lake. Na wakati mama yao akihesabu pumzi, mmoja wa vifaranga, yule mdogo asiyesikia la mtu, akakatiza kizingiti, akaingia ndani, akaanza kudonoa punje za mtama kando ya ukucha wa Fisi.

Bi Kishingo hakuweza hata kumwita.

Fisi akainamisha kichwa. Pua yake ikamgusa yule mtoto. Akamsukuma, taratibu, mpaka nje ya kizingiti.

"Mwondoe huyu," akasema kwa hasira. "Kelele zake zitawaamsha wangu kabla ya siku yao."

Kisha akakaa, akakunja mkia ndani kama alivyofundishwa.

Bi Kishingo akawakusanya watoto wake kumi na mmoja. Alitembea kwa adabu mpaka kwenye kona ya ua. Alipoipita kona, akakimbia, na watoto wakakimbia, na hawakusimama mpaka juu ya majabali kwa kanga, ambako hakuna fisi anayepanda.

Siku tatu zikatimia. Bi Fisi akaja na ndugu zake wote, vyungu vichwani, wakaketi mbele ya mlango. Fisi akawaambia wakae kimya. Alijaribu kujiinua avisikie vizuri vishindo vya ndani, lakini miguu ilikuwa dhaifu kwa mtama, akajibwaga chini kwa uzito wake wote.

Pwaa!

"Anatoka wa kwanza," akasema Fisi, macho yakimng'aa.

Pwaa! Pwaa! Pu! Pwaaa! Viza yakapasuka moja baada ya jingine, yakamrukia machoni, yakawarukia wajomba, yakaingia ndani ya vyungu. Fisi mnawajua, harufu mbaya haiwasumbui, lakini siku ile hata wao walirudi nyuma wakiziba pua. Bwana Fisi akapekua majani yote ya kiota. Akatafuta mbuzi. Akapata maganda yenye mistari ya mkaa, akakaa akiyaangalia, na machozi yakamtoka.

"Niliwatunza," akamwambia mkewe. "Sikula nyama, sikucheka. Hata yule kuku alipopita hapa na watoto wake sikuinuka."

Bi Fisi akatua chungu chini.

"Kuku alipita hapa? Na watoto wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wakiwa hai?"

"Hai. Mmoja aliingia mpaka hapa miguuni."

"Ukamfanya nini?"

Fisi akainama. "Nilimtoa nje," akasema. "Kwa pua."

Bi Fisi akakiokota chungu chake, akawageukia ndugu zake, wakaondoka wote, na Bwana Fisi akabaki peke yake juu ya maganda.

Hadithi yangu imefika ilikokuwa inakwenda, nami nanyamaza, lakini shikeni hili, wanangu: ukimdhulumu mtu, usiende kwake akufundishe kazi.