Zulia la Waqfu Katika Jumba la Liwali

Wamesimulia waliopokea kwa wazee wao kwamba katika mji mmoja wa Khurasani, ambao wasimulizi wamekhitilafiana jina lake, aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Unaisa bint Hudhaifa, Allah amrehemu. Mumewe, Shaiban, alikuwa mfumaji wa mazulia mpaka vidole vyake vilipokakamaa kwa baridi yabisi. Tangu hapo Unaisa ndiye aliyeishika riziki ya nyumba, kwa ujuzi alioupata katika miaka thelathini ya kukaa kando ya kitanda cha kufumia mazulia.

Kazi yake ilikuwa kuwachagulia watu mazulia. Mtu akijenga nyumba, au akiozesha binti, humwita Unaisa. Naye haanzi na zulia. Huingia chumbani akasimama kimya, akatazama jua linaingilia dirisha gani, mlango unafungukia ndani au nje, na kama mna mzee anayeburuta miguu au watoto wanaomwaga maziwa. Ndipo huenda sokoni. Hubonyeza manyoya kwa dole gumba aone kama yatainuka upesi au yatalala. Husugua kwa kitambaa cheupe kilichorowana, ajue kama rangi inachuja. Huligeuza zulia chini juu, akahesabu mafundo katika upana wa kidole kimoja. Alikuwa akiwaambia watu, "Zulia dogo katika chumba kikubwa ni kama kiraka, na zulia kubwa linalopanda ukutani ni makao ya vumbi." Watu walimsadiki, kwani hakupata hata siku moja kulisifu zulia bovu kwa kumridhisha muuzaji.

Ila alikuwa mwoga. Hilo nalo limepokewa, wala hatulifichi. Alikuwa akizunguka mtaa mzima kumkwepa mbwa aliyefungwa kamba, na radi ikipiga hujifunika nguo gubigubi. Majirani walimcheka, naye akicheka pamoja nao.

Ikawa mji ule umepata Liwali mpya, Mughith bin Safwan, mtu mkali wa hukumu. Alijenga jumba la kupokelea watu, akamwita fundi mmoja amchagulie mapazia. Fundi yule akamdanganya katika kitambaa. Liwali alipogundua, alimtia gerezani miezi miwili, na tangu atoke hakuna aliyemsikia akisema neno, hata kwa mkewe. Basi watu wakawa wakipita mbele ya jumba lile wameinamisha vichwa.

Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri na jua limekwisha kuchomoza, askari wawili walisimama mlangoni kwa Unaisa. Wakasema, "Liwali anakutaka ukamchagulie zulia."

Unaisa alimtazama mumewe. Shaiban alitaka kusimama, magoti yakamkatalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Nenda, mke wangu. Nakuweka katika amana ya Allah, ambaye amana zake hazipotei." Unaisa akajifunga ushungi, akawafuata askari.

Kwenye lango la jumba alipokewa na msimamizi wa nyumba ya Liwali, mtu mmoja akiitwa Dhahir, mwenye maneno laini. Alimwongoza kwenye ujia mrefu, na walipofika mahali pasipokuwa na mtu alisimama.

"Bibi, utakuta mazulia matatu," alisema. "La tatu nimelileta mimi, zawadi kwa bwana wangu, naye amekwisha anza kuswali juu yake. Lisifu hilo, uende zako salama. Sikuombi uongo. Utaona kwa macho yako kwamba ndilo zuri."

Unaisa alimfuata. Alijiambia, huenda zulia likawa zuri kweli, na mambo yakawa mepesi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, sakafu yake mawe meupe yaliyosuguliwa hata yakateleza. Alianza kazi yake, na kazi ikamtuliza kidogo. Zulia la kwanza lilikuwa jekundu, la kupendeza, lakini kitambaa chake cheupe kilitoka kama kilichofutia damu. La pili lilikuwa imara, ila refu mno; upande mmoja lingepanda ukuta, na upande wa pili mlango ungelikwaruza kila ukifunguliwa. Akaliendea la tatu. Akabonyeza, manyoya yakainuka mara moja. Akasugua, kitambaa kikatoka kisafi. Akapima kwa hatua, likawa kama lililofumwa kwa ajili ya ukumbi ule. Pembeni mwake lilizungukwa na maua, na kila ua lina umbo lake, kana kwamba kila moja lilifumwa na mkono mwingine.

Aligeuza pembe ahesabu mafundo. Hapo akaona mshono wa uzi wa kijani, akaacha kuhesabu.

Mshono ule ulikuwa wake. Miaka saba nyuma aliletewa zulia lililotafunwa na panya, akalishona kwa uzi wa kijani kwa kuwa hakuwa na mwingine. Lilikuwa zulia la msikiti wa Mashrab, kijiji cha wachunga kondoo milimani. Wanawake wa kijiji walilifuma kwa masika manne, kila mmoja akitia ua lake, wakaliweka waqfu ili watu wamsujudie Mola wao juu yake. Na waqfu hauuzwi, wala haupewi mtu zawadi. Akakumbuka pia kwamba mwaka uliopita, mwaka wa ukame, watu wa Liwali walikwenda Mashrab kukusanya kodi, wakatwaa kondoo wa wasioweza kulipa.

Alipoinua macho, Dhahir alikuwa amesimama karibu. Alisogea hatua moja, polepole, akaweka kiatu chake juu ya pembe ile. Alimtazama tu.

Liwali akaingia. Hakuwa mtu wa kimo kirefu, wala hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Unaisa zaidi. Aliketi, akauliza, "Ni lipi?"

"Hili jekundu lina rangi ya kuvutia, Ewe Liwali," Unaisa alisema, "na hili la pili ni kazi ya watu hodari."

"Sikukuuliza rangi wala kazi. Nimekuuliza ni lipi linaloifaa nyumba hii."

Inasemekana Unaisa aliona njia mbili mbele yake, zote nyepesi. Akilitaja la tatu, Dhahir angefurahi. Akilitaja la pili, hakuna ambaye angemlaumu, zulia la watu lingekunjwa likawekwa stoo, naye angerudi kwa mumewe kabla ya adhuhuri. Alifungua kinywa aseme "la pili". Neno lilikuwa ulimini. Akawaona moyoni wanawake wa Mashrab wakisujudu juu ya udongo wa baridi, na akajiona mwenyewe Siku ya Hesabu, akiulizwa juu ya neno moja dogo, naye hana la kujibu. Akashikwa na khofu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Lililo bora ni hili la tatu," alisema, "na ndilo lisilokufaa, kwa sababu si la mtu. Ni waqfu wa msikiti wa Mashrab."

Dhahir alicheka kidogo. "Bwana wangu, nimelinunua kwa msafiri sokoni. Mwanamke huyu ametumwa na mahasidi wangu."

Liwali hakumtazama Dhahir. Alimtazama Unaisa. "Una shahidi?"

"Shahidi wangu yuko chini ya kiatu cha msimamizi wako."

Liwali akaashiria kwa kidole, na Dhahir akaondoa mguu. Mshono wa kijani ukaonekana. Unaisa akaeleza alivyoushona, mwaka gani, na kwa nini uzi ni wa kijani.

"Uzi wa kijani umejaa sokoni," alisema Dhahir.

Liwali aliutazama mshono ule. Kisha akasema, "Nitatuma mpanda farasi Mashrab akaulize. Wewe, bibi, utakaa hapa mpaka arudi. Ukiwa msema kweli, utakwenda kwa amani. Ukiwa umemsingizia mtu wangu, unajua habari za fundi wa mapazia."

Akawekwa katika chumba kilichojaa mazulia yaliyokunjwa, na mpanda farasi akaenda. Kwanza Unaisa alitulia, kwa kuwa kweli ilikuwa upande wake. Lakini kabla ya alasiri wazo jingine lilimjia. Mpanda farasi angefika Mashrab na upanga kiunoni, amevaa nguo za Liwali, akawauliza watu wale wanyonge kama wamedhulumiwa. Nani atasema ndiyo? Wangeapa kwamba hawajapata kumiliki hata mkeka. Hapo ndipo alipofahamu kwamba ameutoa uhai wake akauweka mikononi mwa watu wanaoogopa kama yeye.

Alikaa hivyo siku mbili. Alitawadha, akaswali, akaleta istighfari, na katikati ya tasbihi akawa akisikia nyayo nje, akapoteza hesabu. Aliletewa mkate, akauacha. Alijaribiwa kubisha mlango na kusema, "Nimekosea, macho yangu yamezeeka." Mara mbili aliuendea mlango, na mara mbili alirudi akakaa.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, akaitwa ukumbini. Mpanda farasi alikuwa amesimama mbele ya Liwali, mavumbi miguuni.

"Sema," aliamuru Liwali.

"Niliwakusanya wazee wa Mashrab," alisema yule mtu. "Nikawauliza juu ya zulia. Wote wamesema hawalijui. Wamesema msikiti wao haujapata kuwa na zulia."

Unaisa hakusikia tena kitu kwa kitambo. Aliona midomo ya Dhahir ikisogea, akaona askari wakijipanga. Akasema kwa ulimi mzito, "Hasbiyallahu wa ni'mal wakil," yaani, Allah ananitosha, naye ni mlinzi mwema.

"Lakini liko jambo jingine," mpanda farasi aliendelea. "Nilipokuwa njiani kurudi, alinifuata ajuza kwa miguu, akinipigia ukelele nisimame. Amesema hatasema neno ila mbele ya Liwali. Nimempandisha nyuma yangu. Yuko mlangoni."

Wakamwingiza. Alikuwa mwanamke mkongwe, jina lake Wahiba, nguo zake zimefumwa kwa manyoya ya mbuzi. Alisimama mbali, akatazama sakafu.

"Wazee wenu wamekana," Liwali alimwambia.

"Wameogopa, mwanangu. Usiwahukumu. Hata mimi naogopa, tazama mikono yangu." Akaionyesha, nayo ilikuwa ikitetemeka. "Lakini huyu mtu wako alisema kijijini kwamba kuna mwanamke amefungwa kwa ajili ya zulia letu. Nikashindwa kukaa."

"Mazulia yote yana maua. Utathibitishaje kwamba hili ni lenu?"

Zulia lilikuwa limekunjwa pembeni. Wahiba hakulisogelea. Alisema, "Lina maua arobaini na moja, na la sita kutoka upande wa kibla ni langu. Maua yote yana majani sita, langu lina matano. Nilipofika jani la tano binti yangu alifariki. Wenzangu waliniambia nilimalize, nikawaambia liacheni hivyo hivyo, nitalimaliza siku nyingine. Sikulimaliza."

Liwali aliinuka kitini. Hakumwamuru mtu, alilikunjua mwenyewe lile bunda la zulia, akapiga magoti akahesabu kwa kidole kutoka upande wa kibla. Moja, mbili, tatu. Alipofika la sita, kidole kilisimama. Alikaa pale pale kwenye mawe, na wasimulizi wanasema uso wake ulibadilika rangi.

"Nimeswali juu yake," alisema hatimaye. "Siku ishirini na zaidi, nimeswali juu ya machozi ya watu." Kisha akamgeukia Unaisa. "Na wewe, kwa nini hukunitajia jingine ukaenda zako?"

"Nilitaka," alisema Unaisa. "Wallahi nilitaka, na neno lilikuwa ulimini. Nilimwogopa Mola wangu zaidi ya nilivyokuogopa wewe, na tofauti yenyewe ilikuwa ndogo."

Liwali aliinamisha kichwa. Siku ile ile zulia lilirudishwa Mashrab juu ya ngamia, na Wahiba akapandishwa juu yake kwa heshima. Dhahir alivuliwa kazi yake, akapelekwa kwa kadhi, na kondoo waliotwaliwa katika mwaka wa ukame wakatafutwa mmoja mmoja wakarudishiwa wenyewe.

Kabla Unaisa hajaondoka, Liwali alimwuliza, "Basi nitandike nini humu ndani?"

Alitazama mawe yale meupe, kisha mlango. "Watu wanaoingia hapa miguu yao hutetemeka," alisema, "na sakafu hii inateleza. Tandika mikeka minene ya ukindu, ya kununuliwa kwa mfumaji mwenyewe. Mtu akisimama mbele yako, asianguke."

Ikafanywa hivyo. Naye alirudi nyumbani kwa mguu, akaketi kizingitini kwa kuwa nguvu zilimwisha, na Shaiban akamletea maji kwa vidole vyake vilivyokakamaa, yakamwagika nusu njiani. Hawakusema mengi. Toka siku ile, mtu akimtaka amchagulie zulia, kabla ya kupima chumba na kubonyeza manyoya, alikuwa akimwuliza muuzaji, "Lilikuwa la nani, na lilimtokaje?" Wauzaji wengine walichukizwa wakaacha kumwita, na riziki yake ikapungua, akavumilia.

Ndugu zangu katika imani, tunaingia majumbani tukisifu vitanda, mapazia na mazulia, wala hatuulizi vimefikaje hapo. Na neno la haki mara nyingi hutujia ulimini pamoja na woga, tukadhani woga ndio udhuru wetu. Unaisa aliogopa, na Wahiba aliogopa. Kila mmoja alisema akiwa anatetemeka, na Mola wao akawatosha. Tumwombe Yeye aziepushe nyuso zetu na kusujudu juu ya haki ya mtu, na ndimi zetu na kunyamaza pale tunapoulizwa.