Kete Tatu za Bi Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, dama ilikuwa mchezo wa wanyama, watu hawajaujua bado. Bi Muhanga alikuwa na shimo lake. Alilichimba mwenyewe kwa kucha, kwaru, kwaru, mwezi mzima. Siku moja akarudi kutoka kutafuta mchwa, akakuta pua ya Ngiri inachungulia mlangoni. Kaingia kinyumenyume, katulia.

"Ngiri, toka kwangu."

"Sitoki, shemeji. Ukinifunga dama, nitatoka. Nikikufunga, ukachimbe lingine."

Korongo akaitwa awe mwamuzi. Akachora ubao mchangani kwa mdomo, akasimama kwa mguu mmoja, akatamka sheria. "Cha kuliwa lazima kiliwe. Hakuna kukataa."

"Nani akatae kula?" Ngiri akacheka, tumbo likatikisika.

Ngiri akajitokeza, akakaa mlangoni, wakaanza. Kete za Bi Muhanga, mbegu za ukwaju. Za Ngiri, kokoto nyeupe. Bi Muhanga akasukuma mbegu moja mbele, peke yake, haina mlinzi. Ngiri akaila. Nyam!

Mumewe Bi Muhanga akashika kichwa. "Mke wangu, umeitoa bure!"

"Nyamaza, baba watoto."

Akasukuma ya pili. Nyam! Mume akampita Ngiri, akaingia shimoni, akatoka na nyasi za kulalia watoto, akazifunga mzigo. Kwake yeye, safari imeiva.

Bi Muhanga moyo ulimdunda, du, du, du. Aliogopa, msidhani hakuogopa. Ana watoto wanne, na masika yanakuja. Lakini alikuwa ameona jambo. Kila Ngiri akila, kokoto yake moja inatoka nyumbani, na nyuma yake panabaki wazi.

Akasukuma ya tatu.

Ngiri akanyoosha ukwato. Akasita. Akatazama ubao, akatazama tena. Jasho likamtoka puani.

"Hii... hii niiache. Nimeshiba."

Korongo akashusha mguu wa pili. "Cha kuliwa lazima kiliwe."

"Mwamuzi, ngoja kidogo..."

"Kula!"

Akala, polepole, kama anameza dawa.

Bi Muhanga akainua mbegu yake. Ta! Moja. Ta! Mbili. Ta! Tatu, mpaka mstari wa mwisho, mbegu ikawa mfalme.

"Kingi!" wakapiga kelele ndege kanga wote waliokuja kutazama. Kingi ikafagia ubao, Ngiri asibakiwe na kokoto hata moja. Akatimua mbio, mkia wima. Mpaka leo akikimbia huusimamisha hivyo hivyo.

Bi Muhanga akageuka. Mumewe kasimama, mzigo wa nyasi kichwani.

"Unakwenda wapi, baba watoto?"

"Mimi? Nilikuwa nazianika."

Bi Muhanga akacheka mpaka machozi yakamtoka, ya furaha na ya ile hofu yote.

Mmesikia, wakubwa kwa wadogo? Anayetoa kidogo huku anajua anachokitafuta si mjinga. Na anayekula kila anachowekewa bila kutazama, mwisho huliwa yeye. Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni kwa Bi Muhanga. Aliyebeba nyasi azirudishe ndani.