Lundo Lililochanwa Juujuu

Nyuma ya nyumba ya muuza miche palikuwa na lundo la mboji lenye kimo cha mtu, limeegemea banda la mbao. Mumewe ndiye aliyelilea: samadi ya kuku, majani, na unga wa mbao kutoka kwa seremala wa jirani, tabaka juu ya tabaka. Lundo la namna hiyo huchemka lenyewe kwa ndani. Lisipogeuzwa lipate hewa, lisiponyweshwa maji, tumbo lake hukauka huku joto likizidi, na mwisho wake ni kuungua. Marehemu alilijua hilo, akaligeuza bila kuchoka hadi alipofumba macho.

Kazi ikamwangukia mwana wao wa pekee, mtu mzima mwenye ndevu zake, ambaye mama alimdekeza kupita kiasi. Kila alipomkuta kitandani jua likiwa utosini, moyo ulimlainika. Huyu kafiwa na baba, alijiambia, nikimsukuma atavunjika. Kana kwamba yeye mwenyewe hakufiwa.

"Umeligeuza, mwanangu?"

"Nimeshageuza, mama."

Alikuwa amelikwangua juujuu tu, na mama alijua. Aliuchomoa mti mrefu uliochomekwa katikati ya lundo kupimia joto; ukatoka mkavu kama mfupa, wa moto usioshikika. Akaurudisha taratibu, akaenda zake.

Seremala naye aliona. "Shemeji, yule bwana anachana lundo nywele tu. Mwambie, hata kama atanuna."

"Akinuna, nani atambembeleza? Wewe?"

"Anune. Kununa hakuui, shemeji."

Mama alicheka kidogo, akaigeukia miche yake.

Siku harufu ya kuungua ilipoingia hadi jikoni, aliugonga mlango wa kijana kwa kidole kimoja. Ajabu, kijana hakununa. Alitoka, akachukua uma wa bustani, akaanza kupiga mluzi. Mama hakuwa ameusikia mluzi ule tangu msiba. Neno lilimfika ncha ya ulimi: ngoja maji kwanza, usilifungue likiwa kavu. Akaona akimkosoa sasa atautupa uma na kurudi kulala. Akalimeza neno, akaenda kuchota maji mwenyewe.

Ndoo haijajaa, mluzi ulikatika. Kijana alikuwa amechimba hadi tumboni mwa lundo. Hewa ikaingia kwa mkupuo, na moto uliojificha humo ukaruka ukamvaa usoni. Mama alipofika alimkuta akitambaa, akipapasa ukuta, na banda lenye miche yote limeshashika moto.

Hospitalini daktari alimvuta mama kando, akamwambia kuwa macho yote mawili hayatapona. Alirudi akaketi kando ya kitanda, akauma ncha ya khanga asisikike. Lakini aliyefungwa macho hakufungwa masikio.

"Mama, ulijua linaungua ndani?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanuna."

Kijana aliugeuza uso wake wenye bandeji upande wa ukuta, na tangu siku ile hakumwita mama tena ila akihitaji kushikwa mkono. Mama alimshika, akamwongoza, akalia kimya njia nzima. Kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.