Mapepe ya Bi Chura

Haya, mliokaa na mliojilaza, mko macho?

— Tuko macho, tuko masikio!

Nilete, nisilete?

— Lete, bibi, tumechoka kungoja!

Niwaletee kavu au ya maji?

— Ya maji, iturukie!

Basi shikeni nguo zenu msiloe.

Palikuwa na bwawa likiitwa Kitopeni, na ndani yake aliishi Bi Chura. Mdogo, mdogo kweli, ungemfunika kwa kifuu cha nazi na nafasi ikabaki. Bwawani humo humo aliishi Bwana Kiboko. Ukubwa wake siusemi. Akiingia majini upande huu, gubwi! maji yanamwagika upande ule.

Hapo mwanzo Kitopeni palijaa mayungiyungi. Juu maua ya samawati, chini yake majani mapana yaliyolala juu ya maji, na chini kabisa topeni viazi vyake. Na yungiyungi likishashika mahali halikusumbui kila mwaka kulipanda upya. Kiazi kinalala kiangazi, mvua ikinyesha kinaamka chenyewe. Bi Chura alitaga mayai yake chini ya majani yale, na viluwiluwi wake wakacheza kivulini, Korongo asiwaone.

Lakini Kiboko alikuwa na tumbo. Alikula maua, nyam. Akala majani, nyam nyam. Akaingiza kichwa topeni akala viazi, nyam nyam nyam, hata kile kidogo cha mwisho. Masika yaliyofuata Bi Chura akataga kwenye maji matupu. Jua likawaunguza watoto, na waliopona jua Korongo akawadonoa, do! do! do! Watoto mia tatu, hakubaki hata mmoja. Bi Chura alilia, na ole wake atakayemcheka hapa.

Siku moja, pembeni kwenye matete, akaliona yungiyungi moja lililosahauliwa. Ua lake lilikuwa limekwisha kunyauka na kujivuta chini ya maji, kama yafanyavyo mayungiyungi yote, likafunga tunda. Tunda moja, bwawa zima! Bi Chura akalikalia. Akalilinda siku saba. Siku ya nane tunda likaanza kupasuka, na siku hiyo hiyo akasikia nyuma yake: mffff!

"Unakalia nini, Bi Chura?"

Bi Chura angeweza kusema anakalia jiwe. Lakini alimjua jirani yake. Tangu azaliwe, Kiboko hakuwahi kuamini neno la mtu mdogo. Akafikiri Bi Chura, akafikiri, mwisho akaamua kumwambia kweli tupu.

"Nakalia tunda la yungiyungi, Bwana. Lina mbegu tele."

"Muongo!" Kiboko akamsukuma kwa pua, akachungulia mwenyewe, akaliona tunda. Akameza mate, kulp. Kulila? Tunda moja halimgusi hata jino. Lakini bwawa zima la viazi!

"Nitapanda mwenyewe," akasema. "Nitakula mwenyewe."

Na kilimo Kiboko alikijua, au ndivyo alivyodhani. Alikuwa na mchezo wa kwenda kuiba mahindi ya watu wa kilimani, na huko ukulima wote aliuchungulia kupitia uzio. Basi akalikamua tunda juu ya alama ya unyayo wake iliyojaa maji, pwasa! Mbegu zikatoka, ndogo kama ulezi, kila moja imevaa uteute wake, zikapanda juu zikaelea. Chache tu, zilizochanika uteute, zikazama pamoja na mchanga.

"Aha!" akasema Kiboko. "Wakulima nimewaona. Mbegu inayozama ni nzima. Inayoelea ni pepe, hutupwa."

"Mahindi ndiyo hivyo, Bwana. Lakini hizi zinazoelea ndizo nzima. Leo zinaelea, kesho zitazama zenyewe zijipande."

Kiboko akacheka: hwa! hwa! hwa! "Unataka mimi nibebe mapepe, wewe ubaki na mbegu! Shika mapepe yako!"

Akapiga yale maji kwa mguu, chwaa! na mapepe yote yakamwagikia bwawani.

"Ahsante sana, Bwana," akasema Bi Chura. Na hilo nalo alilisema kwa moyo wake wote.

Kiboko akakusanya zilizozama, mchanga na kokoto humo humo. "Sasa naanika."

"Usianike, Bwana. Mbegu hizi zikikauka zinakufa."

"Hwa! hwa! hwa! Unataka ziniozee!" Akazianika juani siku tatu, akizigeuza kwa pua, mpaka zikalia kacha, kacha.

"Sasa napanda kilimani."

"Usipande kilimani, Bwana. Yungiyungi ni la topeni, kule litakufa kwa kiu."

"Hwa! hwa! hwa! Unataka nipande bwawani ili ukalie majani yangu!" Akapanda kilimani. Akachimba tuta kwa meno, akazifukia mbegu kwenda chini kabisa, akakanyaga juu, ndu! ndu! ndu!

"Sasa nalinda."

"Usijisumbue, Bwana. Hapa hapana cha kulinda."

"Hwa! hwa! hwa! Unataka niondoke uje uibe!" Akaketi juu ya tuta lake, puu! Akiona njaa anakula nyasi za pale pale. Akiona kiu anateremka mbio mto wa upande wa pili, anarudi mbio.

Huku Kitopeni yale mapepe yakaelea siku moja. Kesho yake uteute ukayeyuka: ti, ti, ti, yakazama moja moja kwenye tope la kina kifupi, palipoingia jua. Hayakufukiwa, hayakukanyagwa, yalilala tu juu ya tope. Wiki zikapita, yakatoa kijani chembamba kama uzi. Kisha kijani cha ukubwa wa ukucha. Ua? Nani kakwambia ua? Wewe unayepiga miayo, sikia: yungiyungi la mbegu mwaka wa kwanza halikupi ua hata ulibembeleze, linajishughulisha na kiazi chake kwanza. Bi Chura akangoja. Akaondoa ukoga juu ya majani machanga, akafukuza konokono, akangoja tena.

Na kila wiki alipanda kilimani kumjulia hali jirani.

"Hodi, Bwana."

"Zimeota?"

"Hazijaota, wala hazitaota."

"Hwa! hwa! Basi ziko karibu!"

Kiangazi kikaingia. Kikakaza. Mto wa upande wa pili ukakauka, na mgongo wa Kiboko ukapasuka nyufa. Alasiri moja Bi Chura akasikia ardhi inatikisika: gudu, gudu, gudu. Kiboko huyo, anakuja Kitopeni!

Maji yalikuwa yamebaki kidogo, na majani machanga yamelala humo wazi wazi, laini, mtu angeyamaliza kwa kinywa kimoja. Bi Chura akajikojolea, ndiyo, vyura wakiogopa hufanya hivyo, nyamazeni. Amwambie asiingie? Ataingia. Amwambie kuna mamba? Ataingia amtafute. Akaruka mpaka katikati ya njia, machozi yanamtiririka.

"Karibu, Bwana! Ingia, ukae hata mwaka. Kilimani hakuna kitu cha kukurudisha."

Kiboko akasimama, mguu mmoja hewani. Kitopeni hakuna aliyewahi kumwambia karibu.

"Mbona leo unanikaribisha?"

"Kwa sababu unateseka, jirani yangu, na unateseka bure." Na alipomtazama ule mgongo, Bi Chura akamhurumia kweli.

"Na machozi ya nini?"

"Ya hofu, Bwana."

Kiboko akatoa macho. "Nimekugundua! Unanichelewesha hapa, na ukoo wako mzima uko kilimani unafukua mbegu zangu!" Akapiga funda moja pale ukingoni, akageuka, gudugudugudu! vumbi tupu.

Bi Chura akaruka kurudi kwenye majani yake.

Siku ya tatu mvua ikaanguka. Viazi vikaamka topeni. Majani yakapanda, yakafunguka, yakafunika bwawa, na asubuhi moja likachanua la kwanza, kisha la pili, kisha nani ataweza kuyahesabu? Bi Chura akataga. Korongo akasimama kwa mguu mmoja kutwa nzima, akaenda kulala na njaa. Na siku watoto walipokatika mikia wakatoka majini wakimwita mama, mama, mama, Bi Chura hakujua amjibu nani kwanza.

Akawapandisha wote kilimani.

"Bwana Kiboko, bwawa limejaa maua. Njoo, hata mawili matatu nitakupa."

"Hwa! hwa! hwa!"

"Basi tazama mwenyewe. Kutoka hapa panaonekana."

Kiboko akatazama bondeni. Akaona samawati, samawati, ukingo mpaka ukingo. Akatazama muda mrefu. Kisha akajikunyata vizuri juu ya tuta lake.

"Ile ni mbingu," akasema. "Imeangukia majini. Mnanidhania mjinga?"

Mpaka leo yuko pale, analinda.

Funzo lake? Funzo ni hili, liwekeni moyoni: mtu mkubwa hakosei. Mdogo akisema neno, jueni anadanganya.

— Aa, bibi! Hatuamini!

Hamniamini mimi? Mimi mkubwa wenu?

— Hatuamini!

Nimefurahi. Basi ngano yangu nimeitua chini, mwenye kichwa ajitwishe.